SOMO LA MWEZI: KANDEGE KA SIMU NA MAKUTA YA NYUMBA

Ya kusoma kwanza: Luka 14:28-30; Mithali 13:11; Matendo 1:23-26



Watu wa Walikale wanajua ndege ndogo vizuri. Miaka mingi kule Kilambo ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami, watu na motari zikingoja pembeni. Zilipakia mifuko ya kasiterite iliyotoka Bisie juu ya migongo ya watu, mwendo wa siku mbili katika msitu, kisha zikaruka kwenda Goma. Ndege ile ilibeba mzigo unaoonekana, na mwenye mzigo alijua kilo zake.

Somo la mwezi huu ni juu ya ndege nyingine, ile inayochorwa katika kioo cha simu. Jina la mchezo ni Aviator. Vijana wetu wanasema kandege, basi. Kandege haka hakabebi hata kilo moja ya mawe, lakini kamekwisha kubeba minerval za watoto, makuta ya AVEC, na bei ya ng'ombe waliouzwa huko Masisi.

Tunaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wanacheza bila kujua mchezo umejengwa namna gani, na wengi wanaowakataza hawajui pia. Kijana anasikia "ni dhambi, acha", anauliza "kwa nini?", hakuna jibu, anarudi katika simu. Ya pili inagusa kanisa letu wenyewe. Wako waamini wanaoleta simu katika maombi wakitaka mtumishi wa Mungu aiwekee mkono. Wako wanaomwuliza nabii kandege kataondoka kwa namba gani leo usiku. Wako wanaofunga siku tatu kwa ajili yake. Hatuwezi kuwajibu kwa makelele peke yake. Tukae chini kwanza, tuhesabu, kama vile Bwana alivyofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara.

KANDEGE NI NINI

Michezo ya namna hii ilianza kuonekana mwaka 2014, kati ya watu waliokuwa wanacheza kamari kwa bitcoin, ile fedha ya kompyuta isiyo na noti wala sarafu. Wakati ule haikuwa ndege, ulikuwa mstari tu unaopanda na kukatika ghafula. Baadaye kampuni moja inayoitwa Spribe, iliyoanzishwa mwaka 2018 katika inchi ya Georgia (siyo ile ya Marekani, ni ile iliyo katikati ya Urusi na Uturuki), ikaweka picha ya ndege nyekundu, na mwaka 2019 Aviator ikatoka. Kampuni za pari ya mpira zikauchukua mchezo huo na kuuweka pembeni ya pari zao. Ndiyo sababu kijana aliyefungua simu kuangalia mechi anajikuta ndani ya kandege hata mpira haujaanza.

Kucheza ni rahisi, na urahisi huo ndio mlango. Unaweka dau, tuseme franga 500. Kandege kanaruka na namba inapanda: 1.00, 1.20, 1.75, 2.40, inaendelea. Ukibonyeza "kutoa" wakati namba iko 2.40, dau lako la 500 linakuwa 1,200. Kandege kakikimbia kabla hujabonyeza, 500 yote imekwenda. Mara nyingine kanakimbia kwa 1.00 papo hapo, na hakuna aliyepata nafasi ya kuinua kidole. Mara nyingine kanafika 30, hata 100 na kupita. Wote waliomo wanaangalia kandege kamoja wakati mmoja, na kila mtu anatoka pale moyo wake unapomwambia. Sekunde chache zinapita, safari nyingine inaanza. Usiku na mchana, bila sabato.

HESABU YA MAHINDI NA MAHARAGI

Wenye mchezo wanaandika wazi kwamba katika kila 100 zinazochezwa, 97 zinarudi kwa wachezaji. Kijana akisoma 97 anafurahi, kwa sababu kwenye masomo mtu aliyepata 97 kwa 100 ndiye wa kwanza. Lakini hapa 97 maana yake ni nyingine. Tuifungue kwa vitu vya jikoni.

Chukua mfuko. Kwa mtu anayetaka kutoka kila mara kwa namba 2, tia punje 200 ndani: mahindi 97 na maharagi 103. Funga macho, toa punje moja. Ikitoka hindi, dau linarudi mara mbili. Likitoka haragi, dau limekwenda. Rudisha punje, tikisa mfuko, toa tena. Hicho ndicho kandege kwa namba 2. Kilichobaki ni rangi na sauti ya muziki.

Kama mfuko ungekuwa wa haki kati ya watu wawili, mahindi yangekuwa 100 na maharagi 100. Yale mahindi matatu yaliyobadilishwa kuwa maharagi ndiyo mshahara wa kampuni.

Sasa yule mwenye tamaa anasema, "Mimi sitoki kwa 2, nangoja 10." Basi kwake mfuko una punje 1,000, na mahindi ni yale yale 97. Anayengoja 100, mfuko wake una punje 10,000, na mahindi bado ni 97. Na yule mwoga anayesema, "Mimi natoka haraka kwa 1.10, siwezi kupoteza," mfuko wake una punje 110: mahindi 97, maharagi 13. Tazameni vizuri. Mfuko unakua au unapungua kufuata namba unayotaka, lakini mahindi hayaongezeki kamwe.

Lipa franga moja kwa kila punje ya mfuko, uone. Katika mfuko wa 200 umelipa 200, na mahindi 97 yamekurudishia mara mbili, yaani 194. Katika mfuko wa 1,000 umelipa 1,000 na umepata 970. Kila mahali, katika kila 100, zile 3 zimebaki Georgia na kwa kampuni ya pari. Hakuna namba ya kutokea, ndogo au kubwa, inayokwepa jambo hilo.

Tukae kidogo na yule mwoga, kwa sababu ndiye anayejisifu kuwa na akili. Anaweka 500, anatoka kwa 1.10, anapata faida ya 50. Anashinda mara nyingi kweli, anaonyesha rafiki zake. Lakini haragi moja linapotoka linakula 500, yaani faida ya mahindi kumi. Mahindi 97 yamempa faida ya 4,850. Maharagi 13 yamemla 6,500. Amepoteza 1,650, na bado anakumbuka zaidi zile 97.

NAMBA IMEKWISHA KUCHAGULIWA

Hapa ndipo waamini wengi wanapokosea, kwa hiyo tusome polepole.

Watu wanafikiri kandege kakiwa juu kanaangalia: nani ameweka dau kubwa, nani ana haraka, nani anasali. Sivyo. Kabla hakajaruka, kompyuta ya mchezo inakuwa na maneno yake ya siri. Maneno hayo yanaunganishwa na mengine yanayotoka katika simu za watu watatu wa kwanza kuweka dau katika safari ile. Mchanganyiko huo unapita katika hesabu moja ndefu, na hesabu inatoa namba ya kuondokea. Wakati wewe unaona propela inaanza kuzunguka, namba imekwisha kuwa namba. Kitu kinachopanda mbele ya macho yako ni kama mtu anayesoma polepole barua iliyokwisha kuandikwa.

Tena kampuni inaonyesha mbele alama ya maneno yake ya siri, kama bahasha iliyotiwa gundi na mhuri. Baada ya safari, mwenye ujuzi wa kompyuta anaweza kupima aone kama bahasha haikubadilishwa. Wanaotangaza mchezo wanasema sana juu ya jambo hilo: mchezo wetu ni wa haki, unaweza kuchunguza. Na kwa mchezo wenyewe wa kweli (nakala za uongo ziko pia) wanasema sawa. Lakini wachimbaji wa Rubaya watafahamu haraka: mizani inaweza kuwa ya kweli gramu kwa gramu, na bado bei ikawa imepangwa na mnunuzi. Bahasha haikubadilishwa, ndiyo. Ndani ya mfuko mahindi ni 97.

Kutoka hapo tunafahamu jambo lingine. Juu ya kioo kuna safu ya namba zilizopita, kwa rangi: buluu chini ya 2, zambarau kutoka 2, na ya waridi kutoka 10 kwenda juu. Vijana wanakaa na daftari, wanaandika safu hiyo kama wanafunzi wa Examen d'Etat. Wanasema, "Zimepita buluu tisa, sasa ya waridi iko karibu." Mama aliyezaa wasichana watano, mimba ya sita haijui kitu juu ya wale watano. Kadhalika mfuko wetu: punje imerudishwa, mfuko umetikiswa, haragi la jana halina deni kwa hindi la leo. Katika kila safari nafasi ya kufika 10 ni ile ile, karibu mara 97 katika 1,000, hata kama zimepita buluu tisa, hata kama zimepita ishirini.

Basi yule anayeomba kandege kangoje kidogo angani, anaomba bahasha iliyofungwa ibadilike kwa faida yake. Na kwa faida hiyo nani analipa? Zile 97 zinazorudi hazitoki kwa kampuni. Zinatoka katika mifuko ya wachezaji wengine, na pengine kati yao yuko ndugu wa kikundi kile kile cha maombi, naye amepiga magoti usiku ule ule kwa ajili ya kandege kale kale. Nabii wa kweli hawezi kutumwa kuchukua unga wa mjane huyu na kumpa mjane yule.

KWA NINI MAKUTA YANAISHA

Mtu mwenye akili atauliza: "Shemasi, kama kampuni inachukua 3 tu kwa 100, ni kidogo. Sasa kwa nini Baba fulani ameuza motari yake?" Ni swali zuri.

Kumbukeni kabini za simu. Tangu Januari 2025, benki za Goma zilipofungwa, watu wengi wa inchi yetu hii walizoea kuweka makuta yote katika simu, kwa M-Pesa au Airtel Money au Orange Money, na kutafuta noti kwa kabini. Kila mtu anajua uchungu wa kukatwa pale. Sasa tuseme mtu ana franga 100,000. Anazipitisha kwa kabini, anakatwa 3 kwa 100, anabaki na 97,000. Badala ya kwenda nyumbani anazirudisha, anazipitisha tena. Amebaki na 94,090. Tena, na tena. Akipita mara 23, zimebaki chini ya nusu. Akipita mara 76, hazifiki 10,000. Hakuna aliyemwibia. Amekatwa 3 tu.

Kandege ni kabini hiyo. Kampuni haikati 3 mara moja kwa mwezi. Inakata kwa kila safari, na safari zinaweza kuwa mbili katika dakika moja. Mara 76 zinapita kabla ya dakika 40. Bila shaka mfuko hautoi punje kwa mstari ulionyooka namna hii. Mtu mmoja anakwisha katika safari ya tano, mwingine anafika 200,000 kwanza. Lakini yule wa 200,000 ni nani aliyemwona akizima simu? Anaona sasa amefahamu siri, anaongeza dau, anarudi kwa kabini.

Kuna mbinu moja inayopita kwa vijana wa motari, nayo tuitaje kwa sababu inaonekana kama hekima. Wanasema: tokea kwa 2, ukipoteza, weka mara mbili, ukipoteza tena, mara mbili tena, siku utakaposhinda umerudisha yote na faida juu. Tuhesabu. 500, kisha 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000. Maharagi saba kufuatana, na umekwisha kutia 63,500. Kama simu ina makuta ya dau la nane, ni 64,000 nyingine, na faida unayotafuta kwa mateso yote hayo ni ile 500 ya kwanza. Mtu atasema maharagi saba kufuatana ni jambo la ajabu. Si ajabu. Anayeanza mstari wa namna hii anakutana nayo karibu mara moja katika 100, na mchezo una safari zaidi ya 100 katika saa moja.

Wengine wanaweka madau mawili katika safari moja, kwa kuwa mchezo unaruhusu: moja la kutoka haraka, lingine la kungoja mbali. Ni mifuko miwili, kila mmoja na mahindi yake 97. Na sisi wa milima tuna hasara nyingine juu ya hiyo. Reseau yetu inachelewa. Kidole kimesema "kutoa" kwa 1.90, ujumbe unatembea kama mtu anayepanda Masisi kwa miguu wakati wa mvua, na unapofika kandege kamekwisha kwenda.

WANAOPIGA KELELE NA WANAONYAMAZA

Pembeni ya kioo kuna orodha inayokimbia: fulani ametoa kwa 3, fulani kwa 15, na makuta yake yameandikwa. Kuna na mahali pa kuzungumza, watu wanapongezana. Aliyeanguka haandiki kitu. Yuko anatafuta wa kumkopesha. Kwa hiyo macho yanaona washindi tu, na moyo unafikiri kila mtu anashinda isipokuwa mimi. Tena kuna uchungu mwingine unaomrudisha mtu: ametoka kwa 1.50, na mbele ya macho yake kandege kanaendelea mpaka 40. Hakupoteza, ameshinda, lakini analala akihesabu makuta ambayo hayakuwa yake kamwe.

Katika magrupe ya WhatsApp yako matangazo mengi: "Jiandikishe kwa kodi yangu, upate bonasi." Ni vema mjue kwamba wengi wa hao wanalipwa na kampuni kwa kila mtu wanayemleta, na mara nyingi malipo yao ni sehemu ya yale ambayo huyo mtu atapoteza. Anayekuita ndugu pale anakula katika haragi lako. Na bonasi ina masharti: mpaka uizungushe mara nyingi ndipo uweze kuitoa, na kila mzunguko mnajua sasa unakatwa kiasi gani.

MANABII WA KUUZA NAMBA

Tumeona pia programu na watu wanaouza "utabiri wa kandege" kwa dola tano, dola ishirini. Wanatuma picha za ushindi wa jana. Fikirini kidogo. Namba inatengenezwa na siri ya kampuni pamoja na simu za watu watatu ambao bado hawajaweka dau. Yule anayekuuzia leo asubuhi namba ya saa nane, ameitoa wapi? Na kama angeijua, angehitaji dola tano zako kwa kazi gani? Wengine hawataki hata dola tano. Wanataka uwape PIN ya simu ili "waunganishe akaunti". Huyo hana haja ya kungoja kandege.

Wazee wetu watakumbuka wakati wa Zaire, mwaka 1991, wakati Bindo Promotion na zile nyingine zilizomfuata zilipoanguka. Watu walikuwa wameahidiwa fedha zao zirudi zimeongezeka mara nyingi katika muda mfupi. Waliuza nyumba na magari ili watie. Bindo iliahidi jambo lisilowezekana. Kandege ni tofauti, na kwa maoni yangu ni kabaya zaidi kwa jambo moja: kenyewe hakakuahidi. Kanaandika 97 wazi, kanakuacha ujidanganye mwenyewe.

JUU YA KURA KATIKA BIBLIA

Ndugu mmoja mwenye kusoma sana ataleta Matendo 1 na kusema, "Mitume walipiga kura, Mathiya akachaguliwa, basi kura si dhambi." Ni kweli walipiga kura. Lakini waulize: mitume waliweka dau gani? Nani alirudi nyumbani bila chakula kwa sababu kura ilimwangukia Mathiya? Yusufu, yule aitwaye Barsaba, hakupoteza shamba. Kura ile ilitafuta mtumishi, haikuhamisha unga kutoka chungu hiki kwenda chungu kile. Hatuna haja ya kusema zaidi hapo.

MAKUTA YA WENGINE

Mchezaji anapopoteza yake peke yake, ni huzuni ya nyumba moja. Lakini katika vijiji vyetu makuta ya peke yake ni machache. Mchimbaji anashika makuta ya timu. Kijana wa motari anashika makuta ya mwenye motari. Mama anashika ya likirimba.

Tuchukue AVEC. Sanduku la AVEC tunalijua: lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, ili mmoja asiweze kulifungua usiku. Wale waliotufundisha jambo hilo hawakuwa wajinga. Sasa, kwa sababu ya vita na wezi wa njiani, vikundi vingi vimeogopa sanduku na kuweka makuta katika simu ya mhasibu. Kufuli tatu zimekuwa PIN moja. Na katika simu ile ile, vidole viwili kutoka M-Pesa, kuna kandege. Tuseme mhasibu ni mtu mwema. Mtoto wake ni mgonjwa, anachukua 20,000 ya kikundi na nia ya kurudisha Jumamosi. Ijumaa hana. Anasema, nicheze kidogo nipate zile 20,000 tu. Hakuanza kwa tamaa, alianza kwa aibu, na aibu inaweka madau makubwa kuliko tamaa. Siku ya kugawana, kina mama thelathini wanakaa chini ya mti, na simu iko tupu.

Kwa hiyo tunaomba vikundi vya kanisa vifanye hivi. Makuta ya kikundi yasikae katika simu ambayo mhasibu anatumia kila siku; inunuliwe simu ndogo ya vifungo, isiyofungua intaneti, na laini yake peke yake. Simu ikae kwa mtu mmoja, PIN ijulikane na mwingine, na ujumbe wa salio usomwe mbele ya wote kila mkutano. Hili si kumshuku mhasibu. Ni kumrudishia zile kufuli zilizomlinda.

Na kwa yule ambaye kandege kamekwisha kumshika, wapendwa, msimkopeshe "arudishe kwanza kilichopotea". Kilichopotea hakiko katika mfuko, kimekwisha kulipwa kwa watu wengine. Mkopo wenu ni punje mpya tu. Ni bora mumsaidie kuandika madeni yote katika karatasi moja, hata yale anayoficha kwa mke wake, kisha kanisa limsindikize kwa wenye kumdai, wapange kulipa kidogo kidogo kama Mithali 13:11 inavyoshauri juu ya kukusanya. Akubali laini yake ya makuta ishikwe na mke au ndugu mkubwa kwa miezi kadhaa. Kampuni nyingi za pari zina mahali pa kuomba akaunti ifungwe. Kijana anayejua simu akae naye waifunge pamoja. Msimtangaze mbele ya mimbari. Aliyeaibishwa anarudi kwa kandege, kwa sababu kandege hakamwulizi kitu.

Hata serikali za jirani zimeanza kusumbuka. Huko Kenya, tarehe 29 Aprili 2025, bodi inayosimamia michezo ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Sisi hatuna haja ya kungoja tangazo la serikali ili tuzungumze na vijana wetu jioni.

Kwa mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kilete mfuko mmoja, mahindi 97 na maharagi 103, pamoja na vifuniko vya chupa vitakavyokuwa makuta, 20 kwa kila mtu. Mzee mmoja akae kama kampuni. Vijana wenyewe ndio watoe punje, siyo mashemasi, na wacheze kwa namba 2 mara 76, kila mtu akichagua dau lake anavyotaka, na mbinu yake anavyotaka. Mtoto anayejua kuandika aweke hesabu: vifuniko vya kila mtu baada ya mara 10, mara 23, mara 50, mara 76, na vile vilivyo mbele ya mzee. Karatasi iletwe kwa shemasi wa parokia kabla ya Jumapili, na mahindi yarudishwe kwa mama aliyeyatoa.